Mita Mia Mbili Kaskazini Mashariki

S.L.P. 41,
Melrose,
Australia Kusini.

9 Mei 2024

Mpendwa mpwa wangu Kerensa,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya mlima wetu. Hamjambo nyote? Natumaini mafua yaliyowaangusha wakati wa Pasaka yameshawaachia, wewe, Hemi na binti yenu Ngaire, na kwamba mnakula na kulala vizuri. Najua huko Invercargill baridi imeanza kuuma. Mvisheni mtoto soksi mbili, hata akinuna.

Mimi ni mzima kwa kadiri mzee wa miaka themanini na mitano anavyoweza kuwa mzima. Moyo umechoka kazi. Miguu imevimba, nalala nimeegemea mito mitatu, na kutoka kitandani hadi jikoni ni safari ya kupumzika njiani. Daktari ni binti mdogo mwenye macho ya huruma, na nilipomuuliza kama niagize keki ya Krismasi aliniambia nile keki sasa hivi. Nimemshukuru kwa kusema wazi. Lakini usianze kulia, mwanangu. Kwa sasa furaha yangu imeuzidi ugonjwa. Nina habari kubwa!

Barua yako ya Aprili nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Unaniuliza umnunulie Ngaire kifaa gani cha GPS, kwa kuwa amefikisha miaka tisa na amepatwa na wazimu wa ule mchezo wetu wa kutafuta visanduku vilivyofichwa, na kile ulichoazima kwa mfanyakazi mwenzako kila mara kinawapeleka mtoni. Ndani ya barua hiyo uliandika sentensi moja kama mzaha: "Mjomba, unajua mimi sina kichwa cha vipimo, kumbuka kile kisanduku changu cha korongoni." Wewe, ambaye siku nzima unapima maziwa maabarani mpaka tone la mwisho!

Sentensi hiyo ndiyo iliyonitoa kitandani. Nitaifikia. Acha kwanza nimalize habari ya kifaa, maana nikianza na hiyo nyingine huenda ukaikunja barua kabla ya kufika hapa, na mtoto anasubiri.

Usinunue chenye skrini ya kugusa. Dukani watakisifia sana, kwa sababu dukani hakunyeshi. Tone la mvua likianguka kwenye skrini ya namna hiyo, kifaa hudhani ni kidole, kinaanza kufungua mambo ambayo hukuyaomba. Chukua chenye vitufe, na kabla ya kulipa mwambie Ngaire avae glavu zake za majira ya baridi avibonyeze vyote. Kama hawezi, rudisha. Chukua kinachosikiliza setilaiti za mataifa kadhaa kwa pamoja, si za taifa moja tu. Chini ya misitu yenu minene hiyo ndiyo tofauti kati ya kufika na kuzungukazunguka. Zile ramani za rangi zilizojazwa ndani usizijali, hazimsaidii mtu kuona rundo la mawe.

Betri ziwe zile mbili ndogo za kubadilisha, si ya kujengewa ndani. Ya ndani ikiisha porini, mchezo umeisha. Na ukiweka za kuchaji, kiambie kifaa kwamba ni za kuchaji, kuna mahali pake kwenye mipangilio. Usipokiambia, kitakuonyesha zimejaa huku zinakata roho. Kikizimika chenyewe kila kikitikisika, usikimbilie kukitupa. Fungua nyuma, chukua kifutio cha penseli, sugua zile ncha za chuma zinazogusa betri mpaka zing'ae. Nimeponya vifaa saba hapa mjini kwa kifutio, na watu wakaniita fundi.

Unasema mshale unazunguka kama pia kila mkisimama. Haujaharibika! Vifaa vingi vya bei ndogo havina dira ndani, vinajua mnaelekea wapi mkiwa mnatembea tu. Tembeeni hatua kumi moja kwa moja, mshale utatulia. Kama kina dira, basi kinataka kufundishwa upya kila mnapobadilisha betri: nendeni mbali na gari, kishikeni kimelala kama sinia ya chai, mzunguke polepole mara mbili. Ngaire ataipenda kazi hiyo.

Na namba zinazorukaruka chini ya miti, hilo ni majani yaliyolowa. Yanaziba mawimbi ya setilaiti kama blanketi. Msikimbizane na namba. Tafuteni mahali peupe, mkae hapo dakika tano mpaka kitulie, msome mwelekeo na umbali, kisha muingie msituni kwa kuhesabu hatua. Mkibakiza mita tano kiwekeni mfukoni kabisa! Hapo kazi ni ya macho. Tafuteni kitu ambacho msitu haukukipanga wenyewe: vijiti vilivyolala sambamba, jiwe lililokauka kati ya mawe yenye kuvu.

Sasa habari ya mtoni. Nakuwekea dau kwamba mwenye kifaa alikiweka kwenye digrii, dakika na sekunde, hali vipimo vya mchezo huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali. Namba ni zile zile, ila kifaa kinazisoma kwa namna nyingine, kisha kinakupeleka ng'ambo kwa ujasiri wote. Badilisha hapo, mtaacha kulowa.

Kisha angalia mpangilio mmoja zaidi, uliofichwa chini kabisa, ambao watu hawaugusi. Kila ramani imejengwa juu ya msingi fulani wa kuhesabia dunia. Msingi wa mchezo ni ule wa dunia nzima, kwenye kifaa utauona umeandikwa WGS84. Lakini ndani ya kifaa kuna misingi mingine mingi ya zamani, ya nchi mbalimbali, kwa ajili ya watu wenye ramani za karatasi. Ule wa zamani wa Australia upo pia. Ukiuchagua huo, namba zile zile zitakupeleka mita mia mbili kaskazini mashariki ya mahali penyewe. Kifaa hakitalalamika. Mshale utatulia, umbali utasoma sifuri, na utaapa kwamba umefika.

Kerensa, hapa ndipo ninapoanza kuungama.

Wiki moja kabla ya Pasaka ya 2002, mfugaji mmoja wa kondoo aliniomba nimtafutie kona ya uzio wake kwenye ramani ya zamani, moja ya zile nilizozichora mwenyewe nilipokuwa mpimaji wa ardhi. Nikakigeuza kifaa changu kwenye msingi wa zamani ili kikubaliane na karatasi. Kona nikaipata. Nikanywa chai ya yule bwana, nikarudi nyumbani, nikasahau kukirudisha.

Ijumaa Kuu wewe ulificha kisanduku chako cha kwanza kwenye Korongo la Slatter. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yako, dada yangu Lorna, alikuachia kile kifaa chake kidogo cha manjano, akakaa garini akifuma ili kazi iwe yako peke yako. Jumapili asubuhi vipimo vikawa vimetoka kwenye mtandao, nami nikatimua mbio na mchezaji mwenzangu Clem Oborn ili niwe wa kwanza kukipata. Tulipanda ule ukingo wa upande wa pili kwa saa mbili. Tuligeuza kila jiwe. Clem hakukitoa hata kifaa chake mfukoni, alifuata changu, kwa kuwa nani atampimia mpimaji?

Mchana ule, kwenye nyama choma ya kikundi chetu cha watafuta visanduku, unakumbuka kilichosemwa. Mimi nakumbuka kila neno.

"Bwana mpimaji, imekuwaje?" mtu akauliza. "Mtoto kawashinda?"

"Kifaa ni kizima," nikasema, "aliyepima ndiye mbovu."

Wakacheka. Wewe ulikuwa umesimama karibu na jiko, soseji mkononi ndani ya mkate. Ukasema, "Mjomba, nilipima mara tatu."

Nami nikasema, "Basi ulikosea mara tatu, mwanangu."

Wakacheka tena, na Clem zaidi ya wote. Hukula ile soseji. Niliona ukimpa mbwa.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa mtu aliyekosea, na kukosea si dhambi. Sikiliza yaliyofuata. Wiki mbili baadaye nilikosa kisanduku kingine ambacho watu walikuwa wanakipata kila siku. Nikakaa kwenye gogo, nikapitia mipangilio mmoja baada ya mwingine, nikaukuta ule msingi wa zamani. Nilijua palepale. Ulikuwa sahihi. Ulipima mara tatu na mara zote tatu ulikuwa sahihi, na mimi, mwenye miaka thelathini na minne ya kupima ardhi ya serikali, nilikuwa kwenye ukingo usio wenyewe nikigeuza mawe ya watu.

Sikusema. Wiki ile ile kikundi kilikuwa kimenichagua niwe mwenye kuhakiki visanduku vyote vipya vya eneo hili. Nilijiambia nitasema mwezi ujao. Kisha mama yako akanipigia simu. Sauti yake naisikia mpaka leo. "Kaka, hebu rudi ukaangalie mara moja tu. Mtoto haamini. Anasema yupo tayari kukosea, ila anataka kujua alikosea wapi."

Nikamwambia, "Nimerudi, Lorna. Nimeangalia tena. Hakuna kitu."

Sikuwa nimerudi. Niliogopa kurudi, kwa kuwa ningekikuta. Na ili uongo usimame imara niliuandika pia kwenye ukurasa wa kisanduku chako, kila mtu ausome: nimerudi mara ya pili, vipimo ni vibovu, kiondolewe. Kikaondolewa kwenye orodha. Agosti mkahamia Adelaide. Hukuficha kisanduku kingine maisha yako yote. Lorna alikufa mwaka 2011 akiamini kwamba kaka yake alipanda lile korongo mara mbili kwa ajili ya mtoto wake.

Nilijidanganya kwamba mtoto husahau. Barua yako imenionyesha kwamba hukusahau, ila ulibeba kitu kisicho chako. Una kichwa cha vipimo, Kerensa. Unacho, na ulikuwa nacho ukiwa na miaka kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyekwambia huna, na niliposema hivyo kwa mama yako nilikuwa najua kwamba nasema uongo.

Sasa habari kubwa!

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilimwita jirani yangu Glenys Zwar. Humjui, alihamia hapa baadaye. Ana miaka sabini na mmoja, amewapikia wakata manyoya ya kondoo nusu ya maisha yake, na anaendesha gari kama mtu anayefukuzwa. Nilimwambia nataka kwenda Korongo la Slatter. Aliniangalia miguu, akaniangalia uso, akaenda kuchukua kiti cha kukunja.

Tulifika kwenye mto mkavu saa nne asubuhi, Jumanne ya wiki iliyopita. Glenys alishika kifaa chake na namba zako za 2002, nilizozinakili kutoka kwenye ule ukurasa wa zamani. Nilitembea hatua kumi, nikakaa kitini. Hatua kumi, nikakaa. Glenys akibeba kiti na kunisema njia nzima.

"Ukinifia hapa, mzee, utaniharibia pai. Nimeiacha kwenye oveni."

"Pai gani?"

"Ya matunda ya kwandongi. Tembea!"

"Imebaki ngapi?"

"Mita tisini. Kobe wangu alikuwa na mwendo kuliko huu."

Kisha ikawa sitini. Ishirini. Kuta zile nyekundu za korongo huchezea mawimbi ya setilaiti, kwa hiyo nilimwomba asimame mahali peupe asubiri namba zitulie. Akasubiri, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Halafu akatembea moja kwa moja mpaka kwenye ule mti mkubwa wa ukingoni mwa mto, mizizi yake imetoka nje kama vidole, akapiga magoti, akaondoa jiwe, na akapiga kelele ambayo iliwarusha kasuku wote wa korongo zima!

"Lipo! Ewart, lipo! Boksi la kijani!"

Mpwa wangu, lilikuwepo. Miaka ishirini na miwili, mafuriko mawili, na moto wa msituni uliopita juu ya ukingo. Lile boksi la risasi la jeshi ulilopaka rangi mwenyewe, mfuniko umebana kama siku ya kwanza. Glenys akasoma kifaa chake. "Mita nne," akasema. Mita nne tu kutoka namba ulizoandika! Nililia na kucheka kwa pamoja, na pumzi ikanikatika, na Glenys akanipiga mgongoni akidhani nakufa.

Ndani, kila kitu kikavu. Kondoo wa plastiki, gololi tatu, kibanio cha nywele, na kile kijitabu cha majina ndani ya mfuko. Pia medali uliyoitengeneza kwa kizibo cha chupa na uzi wa sufu wa mama yako, ya kumpa atakayefika wa kwanza. Nikafungua kijitabu. Kwenye mstari wa kwanza, mahali anapoandika jina mtu wa kwanza, kulikuwa na mwandiko wako wa penseli: "Mstari huu ni wa Mjomba Ewart. Najua utakuwa wa kwanza."

Glenys alikichukua kijitabu, akasoma, akanitazama. "Umefanya nini wewe mzee?"

Nikamwambia yote, pale kitini. Alikifunga kijitabu polepole.

"Mtoto wa miaka kumi na mmoja, Ewart."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekaa nalo miaka ishirini na miwili." Akapangusa magoti. "Jumamosi kikundi kina kifungua kinywa pale uwanjani. Utasema mwenyewe au nikusemee?"

"Nitasema mwenyewe."

"Tena umesimama."

"Miguu yangu, Glenys..."

"Nitakushika."

Akanishika kweli. Jumamosi iliyopita, mbele ya watu kama thelathini, na mayai yakiungua kwenye jiko kwa sababu mpishi aliacha kuyaangalia, nilisema yote kama nilivyokuandikia. Msingi wa zamani, gogo, simu ya mama yako, uongo nilioandika. Sikusema kwamba nilikuwa mzee wala kwamba naumwa. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru.

Clem ndiye aliyesema kwanza. Sasa ana miaka sitini na tisa na magoti yake ni ya chuma. "Yaani siku ile nilipanda ule ukingo bure?"

"Bure, Clem."

"Na hili goti nililoliumiza kule?"

"Bure pia."

Watu wakacheka kidogo, lakini yeye hakucheka. Akavua kofia. "Ulinifanya shahidi wako," akasema. "Nilimcheka yule mtoto kwa kukuamini wewe." Akakaa, akainuka tena. "Mwandikie kwamba Clem Oborn naye anaomba radhi. Uandike jina langu lote."

Nimeliandika.

Halafu mwanamke mmoja kijana, fundi umeme kutoka Port Augusta, akauliza ulipima kwa kifaa gani. Nilipomwambia ni kile cha manjano cha zamani chenye skrini ndogo kama stempu, alipiga mluzi. "Mita nne kwa kile? Chini ya kuta zile? Mimi na changu kipya sizipati mita nne. Huyo mtu yuko wapi?" Nikamwambia yuko New Zealand, anapima maziwa. Akasema wanakipoteza bure kipaji chako huko. Meza nzima ikaanza kubishana ulifanyaje: kama ulichukua wastani, kama ulisubiri jioni setilaiti zikae vizuri. Nikawaambia ulipima mara tatu. Safari hii hakuna aliyecheka. Natamani ungekuwepo uwasikie wakigombana juu yako!

Medali sikuichukua. Mstari wa kwanza sikuujaza. Niliandika jina langu kwenye wa pili, na tarehe ya kweli. Kwenye ule ukurasa wa mtandao, chini ya uongo wangu wa 2002, nimeandika ukweli kwa jina langu kamili, na uongo wenyewe sikuufuta, ili mtu aone vyote viwili. Kisanduku tumekirudisha chini ya jiwe lake. Kama kirudi kwenye orodha au kibaki kimya, mwenye kisanduku ndiye mwenye neno, na mwenyewe ni wewe. Yule fundi umeme keshaniuliza mara mbili kama umejibu.

Sikuombi unisamehe kwa barua ijayo. Una haki ya kukaa na hasira muda wowote unaotaka, hata kama mimi sina muda wa kungoja. Ila nina ombi moja, nalo unaweza kulikataa.

Nikifa nitachomwa, na majivu yangu yatawekwa mlimani, mahali popote utakapochagua wewe juu ya njia ya wapanda mlima. Ruhusa Glenys ameshaipata. Patawekwa kibao kidogo cha shaba chenye jina langu na vipimo vya mahali hapo, maana mpimaji hawezi kulala mahali pasipo na namba. Nataka namba hizo uzichukue wewe. Njoo na Ngaire, mje na kifaa chenu kipya. Clem amejitolea kupanda nyuma yenu na chake ili kuhakikisha, nami nimemkatalia. Nimemwandikia pia wakili: zitachongwa namba atakazotoa Kerensa, na asiwepo mtu wa pili wa kuzipima.

Msalimie sana Hemi, mwambie ile picha ya samaki nimeibandika jikoni na bado siamini ukubwa wake. Mbusu Ngaire kwenye paji la uso, mwambie mjomba wa mama yake anamtakia visanduku vingi na miguu mikavu. Glenys anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema pai ya kwandongi haikuungua. Wasalimie pia wenzako wa maabara.

Mungu awalinde nyote watatu, awape afya na mwanga wa kuona mbali, na akufanyie wepesi katika kila jambo unaloligusa kwa mikono yako.

Ni mimi mjomba wako, aliyekukosea na anayekupenda,

Ewart Nankivell